Filamu inaonekana, maneno hayasikiki: kuunganisha deki ya DVD na risiva

Swali: Shikamoo fundi. Naandika kutoka Tanga. Kaka yangu anafanya kazi Muscat, na safari hii amerudi na risiva ya redio ya mtumba, ile nzito yenye matundu mengi nyuma. Mimi nina deki ya DVD niliyonunua Dar na spika mbili kubwa. Nimeunganisha kwa waya wa rangi tatu uliokuja na deki. Kwanza nilichomeka palipoandikwa PHONO, sauti ikakwaruza na besi ikajaa kupita kiasi. Nikahamia CD, muziki ukawa mzuri. Lakini nikiweka filamu ya Kihindi, nyimbo na milio nasikia vizuri, maneno ya waigizaji ndiyo yako mbali kama wanaongea chumba cha pili. Ajabu ni kwamba filamu zilizotiwa sauti ya mtafsiri hazina shida hiyo. Tena kuna mvumo usioisha hata nikisimamisha diski. Je, deki ni mbovu? Ninunue ule waya wa mwanga (optical)?

Jibu: Marahaba. Deki yako si mbovu, na kwa maelezo yako risiva ya kaka yako ni nzima. Hiyo habari ya filamu za mtafsiri uliyoiona ajabu ndiyo iliyonionyesha ugonjwa ulipo, nami nitaifikia. Usinunue waya wowote kwanza.

Kabla ya sauti, umeme. Oman wanatumia volti 240 na sisi Tanzania volti 230, zote kwa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo mashine iliyotengenezwa kwa soko la Oman inafaa kwetu bila transfoma. Lakini umesema ni ya mtumba, na mtumba wa Ghuba hutoka pande nyingi za dunia. Geuza risiva usome kibandiko kilicho karibu na waya wa umeme. Kikisema 220-240V, endelea. Kikisema 120V, ilitengenezwa kwa Marekani. 100V, ni ya Japani. Hizo mbili zinahitaji transfoma ya kushusha umeme, tena yenye wati nyingi kuliko zilizoandikwa kwenye kibandiko hicho. Kwa kuwa yako imeshawaka na kupiga muziki, naamini ni ya 230 au kuna transfoma tayari, ila kibandiko kisome. Nimeletewa risiva ya Marekani iliyochomekwa ukutani moja kwa moja. Haikumaliza dakika. Transfoma yake ya ndani ilikuwa imeungua na harufu ilibaki kwenye boksi wiki nzima. Mwenye nayo alikuwa ametumiwa na mwanawe, nami nilikosa la kumwambia.

Tuelewane pia kuhusu jina. Hapa kwetu ukitaja risiva, wengi wanafikiria kisanduku cha dishi. Hii yako ni vitu vitatu ndani ya boksi moja: redio ya FM na AM, swichi ya kuchagua chombo kipi kisikike, na amplifaya ya kusukuma spika. Yale matundu mengi yaliyokutisha ni ya ile swichi. Kila jozi ni mlango wa chombo kimoja, na karibu milango yote inafanana tabia. CD, AUX, DVD, TV, TAPE IN, yote inapokea sauti ya kiwango kilekile. Ukichomeka deki kwenye CD au kwenye AUX haibadiliki kitu ila kitufe utakachobonyeza mbele.

PHONO peke yake ndiyo tofauti, na ni vizuri ujue kwa nini, maana kosa hilo linaweza kuunguza spika. Mlango huo ni wa santuri. Sindano ya gramafoni inatoa umeme mdogo mno, kama milivolti 5. Deki ya CD au DVD inatoa hadi volti 2 sauti inapofika juu. Hiyo ni mara 400. Risiva inapokea mshindo huo ikidhani ni mnong'ono wa sindano, inaukuza, na sauti inavunjika kabla haijafika kwenye spika. Kuhusu besi iliyojaa: tangu miaka ya 1950 santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti nyembamba zikiwa zimeongezwa, ili mifereji isiwe mipana na makwaruzo yasisikike sana. Mlango wa PHONO unarudisha mambo mahali pake kwa kufanya kinyume, yaani unaongeza besi na kupunguza wembamba. Deki yako haikuhitaji dawa hiyo, ikapewa. Ulifanya vema kuhama.

Sasa maneno yaliyopotea.

DVD zilipoanza kuuzwa Japani mwaka 1996, zilikuja na jambo ambalo CD ya mwaka 1982 haikuwa nalo. CD ina njia mbili za sauti, kushoto na kulia, basi. DVD ya filamu inaweza kubeba njia sita: kushoto mbele, kulia mbele, katikati, mbili za nyuma, na moja ya besi. Ndiyo hiyo unayoiona kwenye jalada imeandikwa 5.1, chini ya jina Dolby Digital au DTS, ambayo ni mifumo ya kufunga sauti ya njia nyingi kwenye diski. Na mafundi wa filamu wana desturi yao: maneno ya waigizaji huwekwa njia ya katikati. Nyimbo, mvua, magari, ngumi, hivyo husambazwa pembeni.

Angalia nyuma ya deki yako. Deki nyingi za bei nafuu zilizojaa madukani kwetu zina matundu sita ya sauti yenye alama FL, FR, SL, SR, C na SW, au maneno yenye maana hiyohiyo. Wewe ulichomeka pini nyeupe na nyekundu kwenye FL na FR, yaani kushoto mbele na kulia mbele. Maneno ya filamu yako yanatoka kwenye tundu la C, yaani la katikati, ambalo halina waya. Unachosikia kwa mbali ni mwangwi wa maneno hayo ulioingia njia za pembeni. Filamu za mtafsiri zinakuwa salama kwa sababu anayetia sauti yake juu ya filamu huishia na njia mbili tu. Hakuna njia ya katikati ya kupotea, kila kitu kimo kushoto na kulia.

Dawa ya kwanza ni ya bure na ni ya dakika mbili. Toa diski, kwa sababu baadhi ya deki hazifungui menyu ya sauti diski ikiwa ndani. Bonyeza SETUP kwenye rimoti ya deki, ingia kwenye AUDIO au SPEAKER SETUP, utafute neno DOWNMIX. Naamini limewekwa OFF au 5.1CH. Liweke STEREO. Kuanzia hapo deki itachukua njia zote na kuzichanganya ziwe mbili, na maneno ya katikati yatagawanywa sawasawa kwa spika zote mbili, hivi kwamba ukikaa katikati utaapa kuna mtu anaongea ndani ya runinga. Ukiona pia chaguo la LT/RT, hilo ni la risiva zenye PRO LOGIC, ambazo zinaweza kuchimbua sauti ya nyuma kutoka kwenye njia mbili. Una spika mbili, chagua STEREO.

Ukifanya hivyo tu, shida yako kubwa imekwisha na unaweza kuacha kusoma hadi penye mvumo. Lakini risiva hiyo ina uwezo ambao bado hujautumia, na itakuwa hasara kubeba mzigo ule wote kutoka Muscat uishie kutumiwa kama kispika cha dukani.

Diski haina sauti ndani yake. Ina namba. CD ina namba 44,100 kwa kila sekunde kwa kila njia ya sauti, na DVD ina namba zilizobanwa ili filamu nzima itoshe. Mahali fulani kati ya diski na spika lazima awepo wa kuzigeuza namba hizo ziwe umeme wa sauti. Kwa waya wako mwekundu na mweupe, mgeuzaji ni deki. Ukitumia njia ya dijitali, deki inapitisha namba kama zilivyo na mgeuzaji anakuwa risiva. Karibu kila swali ninaloulizwa kuhusu kuunganisha deki, nikilichimba, nakuta mwenyewe hajaamua nani ageuze. Kaweka waya wa njia moja na menyu ya njia nyingine. Kwako naamua hivi: risiva ifanye kazi hiyo. Deki ya bei nafuu imetumia pesa zake kwenye picha. Kipande chake cha kugeuza sauti ni cha senti chache. Risiva nzito ya aina hiyo imejengwa kwa ajili ya sauti tangu mwanzo.

Tafuta nyuma ya deki tundu moja la duara, mara nyingi lenye rangi ya chungwa, limeandikwa COAXIAL au DIGITAL OUT. Litafute na kwenye risiva, upande wa kuingiza. Waya wake unao tayari. Ule wa manjano katika waya wako wa rangi tatu umetengenezwa kubeba picha, na picha inataka waya wa omu 75, sawa kabisa na unaotakiwa na njia hii ya dijitali. Chomeka ncha moja ya manjano COAXIAL ya deki na nyingine COAXIAL ya risiva. Kama manjano ndio unaopeleka picha kwenye runinga, nunua mwingine wa manjano kama huo wa mita moja au moja na nusu, bei ndogo. Nyekundu na nyeupe usitumie hapa. Wakati mwingine zinafanya kazi na wakati mwingine sauti inakatika-katika, nawe utahangaika bure ukidhani diski imechubuka.

Waya pekee hautoshi. Rudi kwenye menyu ya deki, utafute SPDIF au DIGITAL OUTPUT. Deki nyingi huja nayo ikiwa OFF, na tundu linakuwa kimya kama halipo. Utakuta na PCM, na RAW au BITSTREAM. PCM maana yake deki ichambue sauti ya filamu yenyewe na kuipitisha ikiwa njia mbili. RAW maana yake isiguse kitu, ipitishe furushi zima la 5.1, risiva ilifungue. Kwa risiva yenye alama ya Dolby Digital na DTS mbele, chagua RAW. Kama haina alama hizo, chagua PCM. Hapa naomba uwe mwangalifu: mara ya kwanza weka sauti chini kabisa, halafu panda taratibu. Furushi la DTS likiingia kwenye chombo kisichojua kulifungua linaweza kutoka likiwa mchirizo mkali kama maji ya bomba lililopasuka, na spika ndogo za juu zinaweza kuungua kabla hujaifikia rimoti.

Upande wa risiva kuna mambo mawili. La kwanza, tundu la COAXIAL limefungwa na kitufe fulani, pengine DVD, pengine CD. Soma maandishi madogo pembeni ya tundu, au ingia menyu ya risiva penye INPUT ASSIGN. Ukiona swichi ya INPUT MODE, iweke AUTO. La pili ndilo linalowarudisha watu kwangu. Risiva haijui una spika ngapi mpaka uiambie. Ikidhani ziko tano, itapeleka maneno ya waigizaji kwenye spika ya katikati ambayo huna, na utarudi palepale ulipoanza, safari hii kosa likiwa upande wa pili. Ingia SPEAKER SETUP ya risiva: CENTER weka NONE, SURROUND weka NONE, FRONT weka LARGE. SUBWOOFER weka NO, isipokuwa kama una sabufa.

Kuhusu sabufa, kwa kuwa nyumba nyingi zinayo: ile ya madukani, yenye amplifaya yake ndani na vispika viwili pembeni, inaweza kutumika. Chomoa vile vispika, toa waya mmoja kutoka SUBWOOFER OUT ya risiva hadi kwenye tundu moja la kuingizia sauti la sabufa, kisha risiva uiambie SUBWOOFER YES. Usipeleke kwenye sabufa hiyo waya wa spika kutoka nyuma ya risiva. Huo una nguvu nyingi na utaunguza tundu la kuingizia.

Maneno yakibaki yanaelea, hujui yanatoka upande gani, kagua nyaya za spika. Zima kila kitu, uchomoe umeme. Nyekundu ya risiva iende nyekundu ya spika, nyeusi kwa nyeusi, spika zote mbili sawa. Ukigeuza upande mmoja, koni moja inatoka wakati nyingine inaingia; sauti za katikati na besi zinauana hewani. Mtu anaweza kuishi na kosa hilo miaka akisema spika zake hazina besi. Hakikisha pia hakuna uzi wa shaba uliotoka pembeni kugusa jirani yake.

Sasa mvumo. Umesema unabaki hata diski ikisimama, kwa hiyo hautoki kwenye diski. Mvumo mzito wa "mmmm" ni ule umeme wetu wa mizunguko 50 ulioingia kwenye njia ya sauti. Fanya jaribio: bila kuchomoa kitu, bonyeza risiva iende kwenye mlango usio na waya. Mvumo ukinyamaza, unatoka upande wa deki. Kisha rudi kwenye deki na uchomoe waya wa antena au dishi nyuma ya runinga. Mara nyingi hapo hapo panakuwa kimya. Antena imeshika ardhi kupitia mlingoti wake, vyombo vyako vimeshika ardhi kupitia ukuta, na ardhi hizo mbili hazilingani. Tofauti yake inapita katika ngozi ya nyaya zako, kutoka runinga hadi deki hadi risiva. Usikubali fundi akukatie pini ya ardhi ya plagi ili mvumo uishe. Utaisha kweli, na siku waya wa ndani ukigusa bati, ardhi utakuwa wewe.

Kama kuchomoa antena hakubadilishi kitu, kagua pini zenyewe. Tanga hewa ina chumvi, na pini ya mtumba hushika kutu ya kijani ambayo huwezi kuiona mpaka uichomoe. Ifute kwa kitambaa na spiriti, izungushe mara kadhaa tunduni. Na uutenganishe waya wa sauti na waya wa umeme. Ukivifunga pamoja kwa gundi ili nyuma ya kabati papendeze, unaukaribisha mvumo.

Ndipo tunapofika kwenye swali lako la waya wa mwanga. Sauti yake haizidi ile ya waya wa manjano. Namba zinazopita ni zilezile, na mwenye duka akikuambia wa bei mara kumi una besi tamu zaidi, muache na waya wake. Faida yake ni moja na ni ya kweli: ni uzi wa plastiki unaopitisha mwanga mwekundu, haupitishi umeme, kwa hiyo mvumo wa ardhi hauwezi kuvuka hapo. Kama jaribio la antena limeonyesha ndiyo chanzo, basi waya wa mwanga una sababu. Ila angalia kwanza kama deki yako ina tundu la OPTICAL, lile la pembe nne lenye kifuniko kidogo. Deki nyingi nafuu zina COAXIAL tu, na waya utakaa kabatini. Ukiununua, ondoa vile vikofia vya plastiki kwenye ncha zake, na usiukunje kwa pembe kali.

HDMI sikuitaja kwa sababu hukuitaja. Kama risiva inayo, deki iingie kwenye risiva na risiva ipeleke picha kwenye runinga, waya mmoja kila hatua. Tahadhari ni moja: baadhi ya risiva za kwanza zenye HDMI zilipitisha picha tu, sauti hazikuigusa, ukiona picha na husikii kitu, acha HDMI ibebe picha na COAXIAL ibebe sauti. Siku ukinunua deki ya Blu-ray, HDMI itakuwa lazima kwa sauti zake kubwa, Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio, kwa sababu hazipiti kwenye COAXIAL wala kwenye mwanga.

CD za taarabu nazo usizisahau. Acha nyekundu na nyeupe zikiwa zimechomekwa pamoja na waya wa manjano, kisha wimbo uleule usikilize kwa njia zote mbili ukigeuza INPUT MODE kutoka ANALOG kwenda DIGITAL. Linganisha kiwango cha sauti kwanza, maana sikio hupenda iliyo juu zaidi. Bonyeza STEREO au DIRECT kwenye risiva, isije ikaongeza madoido yake. Mimi nategemea dijitali itakupa sauti ya mwimbaji iliyo karibu zaidi na qanuni iliyo safi, lakini masikio ni yako. Ukipenda ile nyingine, baki nayo kwa muziki.

Ukishamaliza yote, weka ile filamu ya Kihindi iliyokusumbua. Kwenye menyu ya diski yenyewe chagua sauti ya 5.1, kisha tazama kioo cha risiva, si runinga. Kama ulichagua RAW, kinapaswa kuwasha DOLBY DIGITAL au DTS filamu inapoanza. Kikiwasha, risiva imelipokea furushi na inalifungua. Kikionyesha PCM au STEREO tu, deki bado inageuza yenyewe; rudi kwenye SPDIF uangalie kama RAW ilishika au ilirudi ilikokuwa ulipozima.